Bisiwa Bibili, Passeport Moja

Ku njia, Bilali, chauffeur wa kubeba dossier, alipiga klaksoni mara ya pili, na Mama Adèle alikuwa hajasema bado anaenda kisiwa gani. Aka, mutu na akili yake! Wiki tatu nzima alikuwa anawaza ile mambo, na siku ya mwisho njo anakwama.

Batoto bake bawili balikuwa bamemuita, kila moja kwake. Onésime, mukubwa, anakaa Islande, anakata samaki mu usine. Jephté, mudogo, anakaa Féroé, kisiwa kingine kule kule kaskazini mu baridi. Kila moja alipata mutoto mwaka huu, kila moja alituma barua ya kumualika. Lakini passeport ni moja, rendez-vous ya visa ni moja, na Mama Adèle iko na miaka sabini na moyo yenye kugonjwa. Munganga alimuambia wazi: safari moja, basi. Ule atakayeachwa hatamuona mama yake tena, ila ku simu.

Na dossier ilipaswa kufika Beni mbele ya saa sita. Ndege ya Kinshasa haingojake mutu, na ile barabara ya Beni, juu ya batu ya bunduki, hapana barabara ya kuchelewa.

—Mama Onésime, tuandike nini? Hawa aliuliza. Hawa njo mwenye bureau, binti ya bachuruzi Baislamu ba Beni, anajazia batu makaratasi ya safari.

—Hapana niite vile. Niite Mama Jephté.

Butembo yote ilijua ile hasira. Kwetu mama anaitwa kwa jina ya mutoto wake wa kwanza, mais toka miaka mbili yeye alikataa. Juu ya nini? Juu Onésime alinyamaza. Miezi nane hakupiga simu, na siku alipiga, alijibu tu ndiyo na hapana, sawa mutu ya bureau. Mama akawaka moto. Akamuambia: "Uliniacha, na miye nimekuacha." Jephté yeye anapigaka kila siku ya Mungu kisha misa, anauliza hata habari ya mbuzi.

Hawa alikuwa amemuonyesha picha. Islande, mawe meusi na moshi inatoka mu udongo. Féroé, kondoo, na nyumba zenye majani juu, sawa nyumba za zamani kule Vuhovi. Mama Adèle alicheka siku ile.

—Andika Jephté, akasema sasa. Roho ilimuuma, lakini alisema.

—Sawa. Ngoja nikusomee barua zote mbili, kesho usiseme nilikudanganya. Jephté: mutoto mwanaume, miezi mine, jina Mumbere. Onésime: mutoto mwanamuke, miezi tatu, jina Kavira.

—Rudilia.

—Kavira. Jina muzuri, kweli.

Hawa hakujua, yeye hapana Munande, hapana kosa yake. Kwa Banande jina ya mutoto inafuata hesabu ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ni Masika. Kavira anakuja nyuma ya Masika. Hata Masika akikufa ku mikono ya mukunga, nafasi yake hapana mutu anaikalia. Na Onésime hakusemaka hata siku moja kama alizaa binti mwingine.

Klaksoni tena.

—Pengine alikosea, Hawa akasema.

—Munande anaweza kukosea njia ya kwake. Hesabu ya batoto, hapana. Nipigie yeye.

Hawa akapiga, akamushikia simu ku sikio.

—Mama? Sauti ilikuwa ya uoga.

—Onésime, Masika mulimuzika wapi?

Ule mwanaume wa miaka makumi ine akalia sawa mutoto.

—Hapa, mama. Pembeni ya kanisa. Alipumua siku mbili tu. Moyo yako ilikuwa mbaya wakati ule, niliogopa nitakuua.

—Na miye nikakutukana.

—Ndiyo, mama.

E Nyamuhanga, Mungu wetu! Banasema uchungu ya mutoto inajulikana na mama, na yeye hakujua kitu.

Bilali akaingia na funguo mu mukono.

—Mama Jephté, tunaenda ao hatuendi?

—Nani Mama Jephté hapa? Miye ni Mama Onésime!

Akapangusa macho na kitenge. Jephté atalia, alijua. Atalia, lakini iko na mutoto wake wa kwanza mu mikono.

—Hawa, toa ile ya Féroé. Weka Islande.

—Na sababu ya safari?

—Andika kilio.

—Mama, kilio ya miaka mbili habatatoa visa. Tuandike kuona mutoto.

—Basi andika kuona mutoto. Mutoto gani, habatauliza.