Tabasamu Aliloagiza Wifi

Wifi yangu alikuja na bahasha ya picha za marehemu mama yake, akaanza kunifundisha kazi kabla sijamkaribisha kiti. Picha zenyewe alikuwa ameziiba. Tangu msiba, baba mkwe wangu alikuwa amezifungia kabatini, hataki kuziona, na chakula anakulia chumbani peke yake. Wifi aliamini nikimchora mama vizuri, kwa rangi za mafuta, tukamtundika sebuleni, mzee atarudi mezani. Nami nilitaka hivyo kuliko alivyojua.

Nilizibandika picha ukutani kando ya turubai la kuchorea. Zote alizipiga mzee mwenyewe kwa kamera yake ya zamani, na katika zote mama mkwe amesimama, midomo ameibana, nyusi moja juu, anamkazia macho mpiga picha.

Nina hasira za karibu, mume wangu shahidi, lakini mbele ya turubai nina subira ya kuwaazima watu. Nilianza na tabaka la kahawia, giza na mwanga tu, nikaliacha likauke. Juu yake nikapaka ngozi, tabaka jembamba juu ya jembamba, kila moja likisubiri la chini yake likauke, mpaka wekundu wa shavu ukawa unatokea kwa ndani. Siku nilipomaliza macho nilifurahi nikajipikia chai ya pili. Alikuwa yeye.

Wifi akaja, akainamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto, akasema siye. Mama yao alikuwa mcheshi, akicheka nyumba nzima inasikia. Huyu niliyemchora ni mwalimu wa zamu. Nikamwambia nimechora kilichomo kwenye picha. Akasema basi picha zinadanganya. Tulirushiana maneno hadi mume wangu akakumbuka ana shughuli dukani. Mwisho nikasalimu amri, nikampaka mama tabasamu juu ya ile midomo iliyokwisha kukauka, na nyusi nikaishusha. Lilikuwa tabasamu zuri, na lilinikera vibaya sana.

Rangi ilikuwa bado mbichi mzee aliposimama mlangoni. Alikuwa amefuata harufu ya tapentaini ya kuchanganyia rangi, akidhani kuna kitu kinavuja. Wifi akanishika mkono. Mzee alisogea hadi pua yake ikakaribia kugusa turubai. Kisha akauliza ni nani huyu anayecheka.

"Ni mama, baba," wifi alisema kwa sauti ndogo.

"Mliochekewa ni nyinyi," mzee alisema. "Mimi nilikuwa namsimamisha juani nahangaika na kamera. Jicho alilonipa mimi lilikuwa la 'piga basi, chakula kinapoa.'"

Sikungoja ruhusa ya wifi. Nilichovya kitambaa kwenye mafuta, nikafuta polepole. Tabasamu likatoka lote, maana lilikuwa halijashika, na chini yake midomo iliyokauka ilikuwa salama, imebanwa vilevile, na nyusi iko juu.

Mzee alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tulipozika, na wifi, ambaye huwa hakosi la kusema, alifuta machozi kwa upande wa khanga yake. Mzee akataka mkewe apelekwe sebuleni saa ileile. Ilibidi nimweleze kwamba mafuta hayana haraka, yakishika juu ndani bado ni mabichi, picha haitundikwi hadi ikauke yote, na hilo litachukua wiki kadhaa. Nilijua nimemvunja moyo, nikaanza kumwomba radhi.

Lakini alikuwa ameshavuta kiti changu cha kazi, amekaa mbele ya turubai, na anamwambia binti yake alete chakula huku, cha watu wote.

"Hakuna neno," alisema, macho yakiwa kwa mkewe. "Safari hii acha nimsubiri mimi."