Safari ya Bi Asmahani

Bi Asmahani alipoletewa habari kwamba kaka yake Idarusi yu mgonjwa kitandani huko Morogoro na anataka kumwona, alilia, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, kisha akasema haendi. Sababu hakutoa. Mkwewe, Sadalla, dereva wa lori la mizigo, alikuwa amekaa barazani akayasikia hayo, akastaajabu. Nduguye, tumbo moja, na lori lenyewe lipo, haendi vipi?

Mkewe, Mwanasiti, ndiye aliyemfungulia jambo lile, chumbani, kwa sauti ya chini, huku ananyonyesha.

"Mama ana ugonjwa wa sukari, wajua. Anakunywa maji kama mchanga, na haja ndogo haimpi nafasi. Mwaka juzi alipanda basi la Muheza. Akamwomba dereva asimame, dereva akamcheka. Mama yangu aliteremka Muheza nguo zimelowa, watu wanamtazama. Tangu siku ile hajavuka Pongwe hapo jirani."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambieje? Wewe mkwewe. Akijua nimekwambia, tutakosana."

Njia ya Handeni mpaka Morogoro Sadalla alikuwa ameipita miaka mingi. Alijua daraja gani bovu, udongo gani hunata mvua ikinyesha. Lakini hakuwahi kuitazama kwa jicho la mwanamke mtu mzima anayetafuta pa kujistiri. Yeye na wenzake hugeukia gurudumu, basi, yamekwisha. Aliona aibu kwamba hakuwahi hata kulifikiria.

Safari yake iliyofuata alikwenda taratibu, akiuliza nyumba zenye choo cha kustiri. Muheza alikuwa na shangazi yake. Karibu na Korogwe, kwenye shamba la mkonge, palikuwa na Zebedayo, fundi wa matrekta, na mkewe Lea. Choo chao kilikuwa safi, kina mlango.

"Mlete," Lea alimwambia. "Asile nini?"

"Vitu vitamu. Na daktari kasema asikae na njaa."

"Nitampikia kisamvu, na samaki kidogo."

Handeni, mke wa mwalimu wa chuo alikubali kumpokea na kumlaza. Mbele ya Handeni lilikuwa pori, na huko Sadalla hakupata nyumba ya kuitegemea. Akanunua jamvi pana na fito nne, akavitupa nyuma ya lori.

Alipokwenda kwa mkwewe, aliketi mbali, macho chini.

"Shikamoo, mama. Lori langu limezeeka, linachemka. Njiani nitakuwa nasimama kulitia maji, tena mara nyingi. Kama huna haraka, nakupeleka kwa mjomba."

Bi Asmahani alimtazama.

"Marahaba, baba. Gari likichemka litasimama, litafanyaje?"

Wakaondoka baada ya sala ya alfajiri, Bi Asmahani mbele na buibui lake, utingo Miraji juu ya mizigo. Muheza lori likachemka. Korogwe likachemka, Lea akampokea mgeni kama mama yake, wakakaa jikoni wakazungumza hata Sadalla akaogopa kuwakatiza. Wakalala Handeni.

Kesho yake, porini, matope yaliwachelewesha. Sadalla alikuwa amekusudia kusimama penye kilima fulani, na kilima kilikuwa bado mbali. Akaona mama yule ameanza kufinya pindo la buibui, kimya, uso umeelekea dirishani.

"Naona linachemka tena," Sadalla akasema.

"Mbona sioni moshi?"

Sadalla akageuza usukani, akakwepa shimo la matope.

"Sadalla." Hakuwa amepata kumwita kwa jina. "Mwanasiti amekwambia."

"Amenambia, mama. Usimkasirikie."

Lori likaenda kidogo, likiyumba katika matope. Sadalla aliwaza kwamba ameharibu. Kwamba angalau yule dereva wa basi alimwaibisha mtu asiyemjua.

"Sikasiriki," Bi Asmahani akasema mwishowe. "Nimechoka tu. Maradhi kanipa Mungu, nami nimeyaficha kama mwizi anavyoficha mali. Haya, simama."

Sadalla na Miraji wakachomeka fito, wakazungusha jamvi, wakaenda mbele sana, wameligeuzia lori migongo, wakatazama milima. Waliposikia mlango umefungwa, wakarudi.

Tangu hapo hapakuwa na gari lililochemka. Alisema "Simama," nao wakasimama. Mara moja alisema hivyo wakiwa ndiyo kwanza wameondoka, akacheka mwenyewe, na Sadalla, baada ya kusitasita, akacheka pia.

Morogoro walimkuta Idarusi amekonda, lakini anazungumza.

"Asmahani? Waliniambia umekataa."

"Nilikataa," akasema, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wa kaka yake. "Kisha nikaja."

Sadalla aliwaacha, akatoka nje kuosha matope kwenye magurudumu. Kupitia dirishani alisikia wazee wale wawili wakianza kutajiana majina ya watu wa utotoni mwao, wengi wao marehemu, na kila jina likiwaletea kicheko au kimya.