Neno Lililoganda Ubaoni

Shule ile ya kuruka na parachuti haikufungwa hata mwezi mmoja, ingawa mbingu zake zilikuwa zimenuna mwaka mzima. Watu waliruka katikati ya baridi, waliruka katikati ya masika, ilimradi wingu lipasuke kidogo na ardhi ionekane. Siku nyingine walikaa bandani, pembeni ya ndege, wakicheza karata huku mvua ikitwanga mabati. Aliyeamua kama leo watu wanaruka au la ni mwalimu mkuu, waliyemwita Mwewe. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alitoka nje, akatazama juu, akarudi, akachukua chaki na kuandika ubaoni: WINGU. Basi. Mikanda ikatundikwa, karata zikagawiwa upya.

Kwa miezi mitatu sasa Mwewe alikuwa akiandika neno hilo hata siku ambazo wingu lenyewe lilikuwa limesingiziwa.

Mara yake ya mwisho kuruka alikuwa amemfunga kifuani kwake kijana aliyekaribia kuoa. Walikuwa wamengoja tundu mawinguni siku tisa, na lilipopatikana likaziba ndege ikiwa juu. Rubani aligeuza shingo, akauliza, "Unaiona ardhi?" Mwewe hakuiona. Akajibu, "Naiona." Wakaruka. Wakazama kwenye weupe usio na juu wala chini, hata saa ya kupimia urefu mkononi mwake hakuweza kuisoma. Alivuta kamba kwa kubahatisha. Wingu lilipowatema, mapaa ya nyumba yalikuwa pale pale, karibu mno, na mwanamke mmoja aliyekuwa akianua nguo aliinua uso, akaduwaa. Yule kijana alicheka hadi machozi, akidhani ndivyo mambo yanavyokuwa. Walipotua akamkumbatia: "Mwalimu, we kiboko! Asante!"

Na Mwewe akaitikia asante ile. Woga angeuzoea, lakini "karibu" aliyojibu siku hiyo ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Angejificha hivyo hadi uzeeni, kama si mama mkwe wake. Bibi huyo wa miaka sabini na mmoja alitaka kuruka. Maisha yake yote, alisema, ameyaona mawingu matumbo tu. Sasa alitaka kuyaona mgongo. Daktari alikuwa amemwandikia ruhusa, lakini mwisho wa mwezi angepasuliwa nyonga, na baada ya hapo asahau. Jumamosi nne alikuja na chupa yake ya chai, akakuta WINGU. Akakaa kitini akifanya mazoezi ya kutua, miguu imenyanyuliwa, warukaji wakimpigia makofi.

Jumamosi ya tano ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Saa nne asubuhi mvua ikakatika. Mwewe akatoka, akatazama juu. Tundu lilikuwa pana, buluu kabisa. Akarudi, akashika chaki.

"We Mwewe," rubani alisema, mkate tele mdomoni, "tundu lile hata ng'ombe angepita na pembe zake."

"Linaziba."

"Linaziba wapi? Au macho yako yameingia maji?"

Watu wakacheka. Mwewe akaandika W, akaandika I. Chaki ikakatika.

"Jamani, mnitegulie kitendawili hiki," mama mkwe alisema, akimimina chai. "Hana mgongo wa mifupa, lakini kabeba makosa ya mwanamume mzima, na wala halalamiki."

"Punda!" rubani akadakia.

"Punda hana mifupa, wewe? Mkwe wangu, unategua au unanipa mji?"

Alimtazama bila hasira, kama mtu aliyemfuma mtoto akilamba sukari kabatini, akaamua kurudishia mlango taratibu. Mwewe akaona heri angemtukana.

"Ni wingu, Mama," alisema. Sauti ilitoka ndogo. "Miezi mitatu nalisingizia. Naogopa." Akamgeukia rubani. "Siku ile uliniuliza kama naiona ardhi. Sikuiona."

Rubani akaweka mkate chini. "Uliniambia unaiona."

"Nilikudanganya. Nusura nimuue mtoto wa watu."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu msaidizi, dada mwembamba waliyemwita Sindano, akasimama akichukua mikanda. "Bibi nampeleka mimi. Tundu halitatungoja tumalize kununa."

Mwewe alimfunga mama mkwe mikanda mwenyewe.

"Kaza, mwanangu. Usinionee haya."

"Nisamehe, Mama."

"Nikirudi. Sasa hivi nina haraka."

Mwewe alibaki kwenye majani yaliyolowa, shingo juu, hadi parachuti ilipochanua ndani ya buluu. Bibi alitua kwa makalio, miguu imenyanyuliwa vilevile kama kitini, matope hadi masikioni, akipiga kelele: "Mgongo wake mweupe pee!" Wote wakamkimbilia. Rubani alimpita Mwewe bila kumtupia hata jicho.

Mwewe akaingia bandani. Alifuta ubao mara tatu, lakini neno lile la miezi mitatu lilikuwa limeshaganda, likawa linachungulia. Akaliacha. Akafungua daftari la wageni, akatafuta namba, akapiga simu.

"Mwalimu! Kiboko yangu!" sauti ikashangilia upande wa pili. "Mke wangu yuko hapa, kila siku namsimulia habari zako!"

"Msimulie na hii," Mwewe akasema. "Keti kwanza."