Kicheko cha "Viatu Mkononi"

Waruguru alikuwa na siri moja tu, nayo ilikuwa kicheko chake. Hebu fikiria: mama wa watu, mwenyekiti wa Kina Mama katika kanisa moja pale Kamenu, Thika, mke wa Mzee Kinyanjui mwenyewe, kiongozi wa wazee wa kanisa, anaficha kicheko jinsi wengine wanavyoficha chupa. Kitu kikimchekesha, leso mdomoni haraka, mabega yanatikisika, basi. Watu walisema ni adabu. Adabu gani! Ilikuwa hofu.

Ni hivi. Mwaka wa themanini na mbili, kabla hajaokoka, Waruguru alikuwa msichana wa kiwanda cha nguo, na Ijumaa ikifika humkosi disko. Siku ambayo mwimbaji Mulei, Mungu amlaze pema, alienda Nairobi kurekodi "Viatu Mkononi", wimbo wa binti anayecheza hadi anavua viatu, alimchukua Waruguru aimbe kiitikio. Katikati ya kurekodi, fundi wa mitambo akajikwaa kwenye waya akaanguka puu, na Waruguru akacheka. Na si kucheka hivi hivi. Kilianzia chini tumboni, kikapanda, kikapanda, kikafika juu kabisa kikakatikia kwa mkoromo. Mulei akakipenda, akakiacha ndani ya wimbo. Mwaka mzima redio haikupumzika. Na katika kila disko, kuanzia Thika mpaka Ruiru, kicheko kile kikifika, kila mtu alivua kiatu kimoja, akakiinua juu na kupiga kelele, "Mkononi!"

Kisha Waruguru akaokoka, na Kinyanjui akaja kumposa, Biblia kwapani. Kijana akaapa kwamba hajawahi kukanyaga disko hata mlangoni, na kwamba yule mwanamke anayecheka kwenye wimbo ule wa kishetani bila shaka ni malaya. Waruguru akasema amina. Angesema nini? Alimpenda. Tangu siku hiyo hakucheka tena kwa sauti.

Shida ni kwamba wimbo ulikataa kufa. Kwanza bendi ya hoteli ikaurudia polepole, ili wageni wasimwage supu, na dada mmoja wa gauni refu akakicheka kile kicheko kama mtu aliyeshikwa na kwikwi. Halafu akaja mheshimiwa fulani akitafuta kura. Alivuka matope ya mtaa wa Kiuu miguu mitupu, viatu mkononi, wimbo ukilia nyuma, mpaka kamera zikazimwa, akarudi kwa gari kubwa kupanguswa vidole. Kicheko alikicheka mwenyewe. Wuui! Ungedhani amekabwa na ugali. Wakafuata vijana wa huko huko Kiuu, na katika wimbo wao viatu ndivyo vitu vya mwisho binti amebaki navyo mwilini. Wao kicheko walikitengeneza kwa kompyuta.

Na hapa ndipo palipomuuma Waruguru. Hakuuchukia wimbo, alichukia wanavyouharibu. Alikuwa akimenya viazi, redio ya jirani inapiga, naye anasema moyoni: mkoromo uko wapi? Mbona mmeukata mkoromo, wajinga nyinyi? Lakini amwambie nani? Akisema neno moja tu, kiti cha Kina Mama kimeenda, na jina la Kinyanjui nalo limeenda.

Kwa hivyo alijikaza, na kama kawaida ya watu wenye la kuficha, akawa mkali kuliko pasta. Mwezi uliopita msichana wa kwaya, Tabby, alionekana kwenye harusi ya kaka yake akiinua kiatu DJ alipoucheza wimbo ule. Kamati ya nidhamu ikaketi. Waruguru ndiye aliyesoma mashtaka. Wazee wakatikisa vichwa, Kinyanjui akaongoza maombi, na wote wakainua mkono: Tabby nje ya kwaya. Msichana alilia hadi getini, na Waruguru hakulala vizuri wiki hiyo.

Basi Jumapili moja pasta akatangaza kwa mbwembwe kwamba Githinji, mwimbaji wa injili kutoka Ruiru, anakuja kuzindua wimbo mpya. Mpya wapi! Ulikuwa "Viatu Mkononi" umebatizwa. Sasa aliyevua viatu ni Musa, mbele ya kichaka kinachowaka. Waruguru akausikia ule mdundo ukianza. Akaishika leso kwa mikono miwili.

Githinji aliingia miguu mitupu, kanzu nyeupe, viatu ameviinua juu. Kichaka walikuwa wamekitengeneza kwa matawi na balbu nyekundu. Ilipofika sehemu ya kicheko, dada wa kuitikia akasogelea kipaza sauti akasema, uso mkavu, "Ha. Ha. Ha. Haleluya."

Waruguru akaiuma leso. Machozi yakamlengalenga, lakini akashinda, haki alishinda. Angetoka salama kama Githinji hangerudi nyuma hatua moja, akanaswa mguu na waya, akaanguka puu ndani ya kichaka, kanzu imemfunika kichwa, miguu ya Musa inapiga hewa.

Leso ikamtoka. Kicheko kikaanzia chini tumboni, kikapanda, kikapanda, kikafika kwenye dari ya mabati, kikakatikia kwa mkoromo.

Na kabla mtu hajafikiri, miili ikakumbuka yenyewe. Benchi nzima ya wazee ikainama mara moja, ikainuka.

"Mkononi!"

Mtunza hazina, kiatu juu. Mama yake pasta, na magonjwa yake yote ya magoti, kiatu juu. Na mbele kabisa Mzee Kinyanjui, kiatu cheusi kilichopigwa rangi asubuhi hiyo, kidole kinachungulia kwenye soksi. Vijana wakatoa macho. 

"Baba Chege," Waruguru akamwambia mumewe polepole. "Wewe usiyewahi kukanyaga disko hata mlangoni, kuinua kiatu ulijifunzia wapi?"

 Mzee alikuwa akimtazama kana kwamba wamekutana leo. "Mama Chege," akasema, "hicho kicheko..."

"Ni changu. Ni mimi yule uliyemwita malaya."

 "Nilikuwa naenda kila Ijumaa," Kinyanjui akasema. "Naenda kwa sababu ya hicho kicheko."

Waruguru akaona aibu na furaha zikimjia pamoja, hakujua ashike ipi. Halafu akamwona Tabby kwenye benchi ya mwisho, ile ya waliotengwa. Msichana hakuwa akicheka. Alikuwa amesimama.

"Shosho," Tabby akamwuliza, kama mjukuu na bibi yake, "mimi nirudi kwaya lini?"

Waruguru akaigeukia kamati ya nidhamu. Wazee walikuwa bado wameduwaa, mikono juu.

"Anayetaka huyu mtoto abaki nje," akasema, "ainue mkono."

Mikono yote ikashuka, pamoja na viatu.