Mbegu Tumboni mwa Yamna

Alfajiri moja mwanzoni mwa Machi, mbegu za bangi zilizolowekwa tangu jana zilikuwa bado zinaelea bakulini. Yamna alizisugua kwenye msasa ili ganda lipitishe maji, akazifunga katika sufu iliyolowa, kisha akalichomeka furushi ndani ya mshipi wake, tumboni, kama wanawake wa milima ya Ketama wafanyavyo kwa mbegu kaidi.

Zilikuwa za beldia, bangi ya asili ya milima ile, inayostawi kwa mvua tu. Marehemu mumewe, Haddu, alikuwa amezihifadhi miaka mingi katika kiriba cha ngozi ya mbuzi. Majirani walipanda ya kigeni, inayotaka pampu. Yamna hakuwa na pampu. Zisipoota, angeliacha shamba na kuhamia kwa dada yake mjini Tetouan.

Wifi yake, Fadma, alimkuta ameketi na nguo zake nyeupe za eda.

"Wanasema mwili wa mjane ni baridi, wifi. Nipe nizibebe mimi."

"Mumeo analala zizini na mbuzi. Wewe hilo joto unalitoa wapi?"

Fadma alicheka. "Ulimi unao. Kulia ndiyo hujalia."

"Sijalia."

Tangu mazishi alikula alipowekewa mkate mkononi, akalala alipoambiwa.

Siku ya nne aliifungua sufu mbele ya Fadma. Mbegu nyingi zilikuwa zimeoza. Chache zilikuwa zimepasuka na kutoa mizizi myeupe. Yamna alizitazama, uso haukubadilika.

Fadma alikwenda kuchukua jembe.