Siku Mbao Zote Zilipofaulu

"Shikamoo, Mzee Mwinshehe."

Mzee Mwinshehe, msimamizi wa karakana ya mbao ya kijiji kimoja huko Kisarawe, alitema mate pembeni. Marahaba ilikuwa imemwishia tangu Margareth, mpimaji aliyetumwa na kiwanda cha Kibaha, aanze kuzipima mbao za wanakijiji.

Upimaji wenyewe haukuwa uchawi. Ubao wa mkongo unalazwa juu ya vigogo viwili, katikati linaning'inizwa jiwe la kilo themanini, kisha Margareth anapima umebonyea kiasi gani. Ukipita inchi moja, anauchora msalaba kwa chaki: huo utajificha katikati ya boriti. Usiopita anaupaka rangi nyekundu: huo ni wa juu na wa chini, kunakoelemewa. Kule kiwandani zingegandishwa kwa gundi, moja juu ya nyingine, zibebe paa la ukumbi wa watu mia sita.

Misalaba ilizidi. Waliopasua mkongo ule kwa msumeno wa mikono waliona wametukanwa.

"Hapa kwetu Waislamu, dada," Hemedi, mbebaji wa jiwe, alimwambia. "Misalaba kawachoree kwenu."

Asubuhi ile, ajabu, mbao arobaini zilifuatana zote nyekundu. Hemedi alinyanyua jiwe huku akipiga mluzi. Mluzi ndio uliomtia Margareth shaka. Mtu anayekuchukia hakupigii mluzi bure. Akainama. Vumbini kulikuwa na alama ya kigogo kimoja, hatua nzima nyuma ya kilipo. Walikuwa wamevisogeza karibu, na hapo hata ubao wa ovyo haubonyei.

Alikirudisha kigogo, akachukua tambara la mafuta ya taa, akaanza kufuta rangi.

"Lori linaondoka saa nane," alisema Mzee Mwinshehe. "Likienda tupu kwa huko kupima upya, naandika barua kwamba unahujumu kijiji. Na bado uko kwenye majaribio ya kazi, binti. Utarudi kwenu ukapalilie migomba."

"Migomba hainuni, mzee."

Hemedi akalibwaga jiwe, akaenda kukaa kivulini. Wenzake wakamfuata. Margareth aliuburuta ubao peke yake, akaupandisha ncha moja, kisha ya pili. Jiwe alilijaribu mara mbili, likamshinda.

Mzee Mwinshehe, mkavu kama ukuni, akaja akicheka. Akajipandisha katikati ya ubao, miguu ikaning'inia.

"Haya, pima!"

"Asante, mzee. Usijitikise." Margareth alichuchumaa na rula. "Inchi moja na nusu. Na wewe jiwe limekuzidi uzito mbali."

Kule kivulini kicheko kilimponyoka Hemedi, akakimeza haraka.

"Lori litakwenda tupu," alisema mzee.

"Liende."

Margareth akauchora ubao msalaba, kando ya paja la mzee. Mzee Mwinshehe akachomoa kalamu na karatasi mfukoni, na palepale juu ya ubao akaanza kuandika ile barua. Margareth akaenda kuburuta ubao wa pili.