Siku Gasper Alipopima Watoto

Maneno yalianzia bombani, mtaa wa Katubuka, Jumatatu asubuhi: Gasper, fundi majeneza wa mtaa wa Mwanga, ameitwa shuleni kupima watoto. Mmoja mmoja, kwa kamba. Na waliomwita ni wafadhili.

Regina alijitwisha ndoo yake akaondoka, lakini neno lile halikubaki bombani. Lilimfuata jikoni, likakaa naye kwenye kigoda, likala naye ugali. Bibi yake alimwambia tangu utotoni kwamba mtu mzima wa afya hapimwi urefu kwa kamba. Anayepimwa hivyo ni yule anayechimbiwa. Sasa fundi wa majeneza na kamba yake, kwa mtoto wa miaka tisa! Na Wema ndiye mtoto pekee ambaye Mungu alimwachia, baba yake akiwa ameshatangulia.

Shule yenyewe ilikuwa ya mtaa, ilianza na chumba kimoja cha kupanga, kwa ajili ya yatima na watoto wenye ulemavu. Watoto tisini, mikeka mitatu. Goti la kushoto la Wema halikunji, kwa hiyo alikaa mlangoni, mguu nje, wapitao wakiukanyaga. Sasa wafadhili walikuwa wamejenga madarasa mawili ya tofali, bati jipya linang'aa hadi ukiwa Mwanga unaliona. Mwalimu Catherine aliitisha kikao akaeleza kila kitu. Siku hiyo Regina alikuwa sokoni na dagaa wake. Hakwenda, wala hakuuliza.

Jumanne alfajiri akamchukua Wema, huyo, kijijini Ilagala kwa shangazi yake.

Alhamisi saa tano simu ikalia. Ilikuwa ni Ndayikunda, jirani yake, mama wa Kirundi anayeshona nguo pale Mwanga.

"Mama Wema, uko wapi wewe? Watoto wote wamepimwa, bado wako!"

"Apimwe na Gasper? Mwanangu yu hai, dada."

"Anapimiwa dawati! Kila mtoto na dawati la kimo chake. Hukusikia kikao?"

Regina akamgeukia Wema, akautazama mguu wake.

"Sasa sikiliza. Asiyepimwa leo hadi kufika saa nane, nafasi yake anapewa mtoto mwingine. Wapo wengi wanangoja nje. Na mimi namshonea Wema sare kila mwaka, nampima kwa futi toka begani mpaka kisigino. Mbona hajafa?"

Shangazi alikuwa anageuza dagaa juani, na alikuwa amesikia yote. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Mtoto umemkimbiza dawati! Ondoka hapa, Regina, kabla sijakupima wewe kwa fimbo."

Walipanda pikipiki, Wema katikati, mguu wake umenyooka pembeni kama kasia. Njia nzima Regina alikuwa anaomba. Kama nafasi imekwenda, mtoto atarudi mlangoni, na safari hii hata mlango wenyewe hautakuwepo, maana chumba kile cha kupanga kinarudishwa kwa mwenye nyumba.

Walifika saa nane imepita kitambo. Getini kulikuwa na mkokoteni wa Gasper, na juu ya mbao zake amekaa Ndayikunda, mikono kifuani.

"Mwalimu, ona," Gasper alikuwa analalamika, "mama huyu amenikalia mbao. Nimeshindwa kuondoka."

"Ego, ndiyo, nimekaa. Unipime na mimi, basi."

Mwalimu Catherine alimtazama Regina, akatazama saa, akafungua daftari tena. "Fundi bado yupo. Maadamu yupo, upimaji haujaisha. Ingia, Wema."

Gasper akamketisha Wema kwenye benchi. Alipotoa kamba, Regina alifumba macho. Aliyafumbua aliposikia fundi anaita vipimo: kisigino mpaka goti, goti mpaka nyonga, na ule mguu ulionyooka, wote.

"Huu tutauwekea ubao wa kuegemea, chini, pembeni," Gasper alisema. Kisha akamgeukia Regina. "Mama, nimezika watu wengi. Maiti hapimwi goti."

Watu wakacheka, Regina naye akacheka, machozi yanamtoka. Alimshika Ndayikunda mkono, akamshukuru kwa lugha yake: "Urakoze cane." Kwa Mwalimu akapiga goti. Wafadhili hawakuwepo, basi akawaombea pale pale, kwa sauti, wao na watoto wao.

Madarasa yalipofunguliwa Wema alikaa safu ya mbele. Mguu umelazwa kwenye ubao wake, hakuna anayeukanyaga.

Basi, kina mama, haya tuyaepuke:

Usikose kikao cha shule. Ukikosa, nenda kamuulize mwalimu siku hiyo hiyo.

Usibebe neno la bombani ukaliamini kabla hujauliza.

Usimfiche mtoto siku ya kuandikishwa, hasa mwenye ulemavu.

Usimwogope mtu kwa sababu ya kazi yake.

Usizime simu ukiwa safarini.

Usikae na jirani bila kumsalimia, awe Mrundi, awe Muha wa hapa kwetu.

Na ukisaidiwa, usinyamaze. Sema asante.